Je, Wajua? Maajabu ya Sahani Isiyo na Nyama, Mpanda na Katavi

Mtu akitangaza mjini Mpanda kwamba hali nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali, swali la kwanza ni kama anaumwa. La pili ni: "Sasa unakula nini?" Jibu la hilo la pili ni refu na tamu, na sehemu kubwa yake iko tayari kwenye masufuria ya mama lishe kabla ya saa sita mchana. Watu wa mlo huo huitwa vegani. Tumezunguka mashambani, msituni, ziwani na hata kwenye historia ya reli na wafalme, tukarudi na haya.

Mwalimu wa useremala na kundi lake dogo

Chama cha kwanza cha vegani duniani kiliundwa Uingereza Novemba 1944, vita vikiwa bado vinapamba moto na chakula kikigawiwa kwa vipimo. Kiongozi wake, Donald Watson, alikuwa mwalimu wa useremala. Watu walimwambia mlo huo utamwangusha. Alifariki mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 95. Haithibitishi chochote, ila ni jibu zuri la kumpa shemeji yako mezani.

Wababe wa Katavi wanakula majani

Hifadhi ya Taifa ya Katavi ina kilomita za mraba 4,471, na wakubwa wake wote, yaani tembo, kiboko, nyati na twiga, hushiba kwa mimea. Kiboko mwenye zaidi ya tani moja na nusu hulishwa na nyasi kilo 40 hivi kwa usiku mmoja. Tembo mkubwa anaweza kufikisha kilo 150 kwa siku. Kiangazi, Mto Katuma unaponywea, viboko husongamana mamia kwa mamia kwenye madimbwi yaliyobaki, na bado chakula chao ni kile kile cha nchi kavu: nyasi. Kwa haki ni lazima tuongeze kwamba wanasayansi wamewahi kuwakuta viboko wakila mizoga. Wafuasi wa mlo wowote huwa na siku zao mbaya.

Tembo waliokuja Karema kwa miguu

Mwaka 1879 tembo 4 kutoka India walishushwa melini Msasani, Dar es Salaam, safari yao ikiwa ni kwenda Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ndiye aliyegharimia, na msafara uliongozwa na Frederick Carter, Mwairishi. Wazo lilikuwa hili: tembo wa Kihindi waliofunzwa wawafundishe tembo wa Afrika kubeba mizigo, ili wapagazi wapumzike. Wengi wa tembo hao walikufa kabla ya kuliona ziwa, na Carter mwenyewe aliuawa mwaka uliofuata huko Mpimbwe, katika vita vya mtemi Mirambo. Hebu fikiria: mpango mzima wa usafirishaji kutoka pwani hadi Katavi ya leo ulitegemea mafuta ya aina moja tu, nayo ni majani.

Makande yaliwatangulia wataalamu

Mwaka 1971 Mmarekani Frances Moore Lappé alitoa kitabu kilichouzwa kwa mamilioni. Humo aliwaambia wasomaji kwamba asiyekula nyama achanganye nafaka na jamii ya kunde katika mlo mmoja ili apate protini kamili. Sababu yake ni ya kweli: mahindi yana upungufu wa kijenzi cha protini kiitwacho laisini, na maharage yana laisini ya kutosha, maharage nayo yamepungukiwa methionini, ambayo mahindi yanayo. Yakikutana, kila mmoja anaziba pengo la mwenzake.

Sasa tazama chungu cha makande. Mahindi na maharage, moto mmoja, kijiko kimoja! Bibi hakusoma kitabu chochote. Na jambo la kupendeza zaidi ni kwamba mwaka 1981 Lappé mwenyewe alirekebisha maelezo yake: si lazima viliwe katika mlo mmoja, mradi mtu anakula vyakula mbalimbali na kushiba. Kwa hiyo ugali wa mchana na maharage ya jioni bado vinahesabika. Makande huhusishwa sana na Upare, lakini wanaoyajua kwa undani kabisa ni waliosoma shule za bweni, na si wote wanaoyakumbuka kwa mapenzi.

Ondoa Amerika, sahani inabaki nusu tupu

Mahindi, maharage, muhogo, viazi vitamu, karanga, nyanya, pilipili, maboga, alizeti, papai, nanasi na parachichi: vyote asili yake ni bara la Amerika, na hakuna hata kimoja kilicholimwa Afrika Mashariki kabla ya meli za Wazungu kuvuka Atlantiki mwishoni mwa karne ya 15. Ugali kwa maharage na kachumbari, mlo tunaouapia kuwa wa asili, ni mgeni wa miaka mia chache tu.

Wenyeji hasa ni wengine: ulezi, mtama, uwele, kunde, bamia, mgagani, mlenda na njugu mawe. Hizi za mwisho zastahili heshima zaidi ya zinayopata. Njugu mawe zina protini ya asilimia 19 hivi na wanga zaidi ya asilimia 60, pamoja na mafuta kidogo. Zichemshe na chumvi, zitie mfukoni, na chakula cha mchana kimekamilika bila sufuria ya pili.

Ulezi unaiacha nyuma glasi ya maziwa

Gramu 100 za ulezi zina kalisi inayokaribia miligramu 350. Gramu 100 za maziwa ya ng'ombe zina 120 hivi. Usikimbilie kumuuza ng'ombe lakini, kwa sababu kikombe cha uji kina unga kidogo na maji mengi, na mwili hauchukui kalisi yote iliyomo kwenye nafaka. Hata hivyo, nafaka inayoishinda maziwa kwa uzito karibu mara tatu, ikaota Ufipa pale jirani kwenye udongo usiokuwa na mbwembwe, ingekuwa ya nchi nyingine ingeuzwa kwenye pakiti za dhahabu. Hapa tunawapa watoto na wagonjwa, wenye afya wanaagiza soda.

Sumu inayotwangwa ikawa mboga

Majani mabichi ya muhogo yana kemikali zinazoweza kutoa sianidi, sumu kali ambayo jina lake tunalisikia kwenye filamu za majasusi. Dawa yake iko kwenye kinu. Unapotwanga, seli za jani hupasuka na kimeng'enya kilichomo ndani huivunja ile kemikali. Unapochemsha sufuria ikiwa wazi, sumu hupaa na mvuke. Ndiyo maana kisamvu hakina njia ya mkato: hakiliwi kibichi, hakikaangwi haraka haraka, na mpishi mwenye pupa hafai kukaribia.

Malipo ya subira ni makubwa. Yakishakaushwa, majani hayo huwa na protini ya kati ya asilimia 20 na 30, kiwango ambacho mzizi wenyewe wa muhogo hauoti hata kukikaribia. Na muhogo si peke yake katika ukarimu huu. Kiazi kitamu hutoa matembele, boga hutoa majani yake, kunde vivyo hivyo. Mmea mmoja hukupa wanga chini na mboga juu, na bei ya mboga ni kuinama tu.

Karanga ziliwashinda Waingereza

Treni ya Mpanda kwenda Tabora huunganika na reli ya Kigoma pale Kaliua, kisha inapita Urambo. Abiria wengi husinzia hapo, na wanakosa kuona moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa na serikali ya Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili kwa mradi mkubwa wa karanga. Nyingine ni Kongwa na Nachingwea. Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Yaliletwa matrekta, hata vifaru vya kivita vilivyogeuzwa kuwa vya kulimia, yakaja na makatapila ya kung'oa visiki. Udongo uliovunja majembe na mvua zisizotabirika vilimaliza kazi. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30, huku mavuno yakiwa madogo kuliko mbegu zilizonunuliwa.

Wakulima wa jembe la mkono waliokuwa pembeni waliendelea kuvuna karanga zao kama kawaida.

Zao lenyewe lina kituko chake. Ua la karanga huchanua juu ya ardhi. Likishachavushwa, kikonyo chake huinama, hujichimbia udongoni, na tunda hukomaa gizani. Kwa mapishi ya bara, ambako mnazi ni mti wa mbali, karanga zilizotwangwa ndizo nazi yetu: kisamvu cha karanga, mchicha wa karanga, mlenda wa karanga. Mpwani atabisha. Mwache abishe, akiisha kuonja tutaongea.

Soseji inayotokana na maua

Ukivuka mpaka wa Tunduma kuingia Zambia, utauziwa kitu cha kahawia, kigumu kiasi, kinachokatwa vipande na kuliwa kama soseji. Hakina nyama hata chembe. Ni chikanda: viazi vya okidi za porini vilivyokaushwa na kutwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga na pilipili, vikapikwa hadi vigande. Okidi, ndiyo, lile ua ambalo Ulaya hupewa bibi harusi.

Sehemu kubwa ya viazi hivyo ilichimbwa kwetu, Nyanda za Juu Kusini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba mamilioni ya viazi vya okidi yalikuwa yakivuka kwenda Zambia kila mwaka, na hali hiyo ni moja ya sababu zilizosukuma kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005. Shida ni kwamba anayechimba kiazi cha okidi anaondoka na mmea mzima. Hapa vegani wa kweli anajikuta njia panda: hakuna mnyama aliyeumia, lakini bonde limebaki bila maua.

Mchwa walilima kabla yetu

Chini ya kichuguu kuna shamba. Mchwa hukusanya miti na majani makavu, huyatafuna, huyapanda kuvu, kisha hula kinachotokea. Wamelima hivyo kwa takriban miaka milioni 30, wakati kilimo cha binadamu kina miaka kama 12,000 tu. Mvua zikianza, kuvu hao huchomoza juu ya kichuguu na sisi tunaita uyoga. Jamii mojawapo, iliyotambuliwa kisayansi Zambia mwaka 1980, ina kofia inayoweza kufikia upana wa mita nzima. Ni mwavuli wa kuliwa.

Misitu ya miombo iliyotanda Katavi na Tabora ina uyoga mwingine wa namna nyingi unaoishi kwa ushirika na mizizi ya miti: mti hutoa sukari, uyoga huuletea madini. Kata miti yote na uyoga huo haurudi, hata mvua inyeshe vipi. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Finland pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha kitabu kizima kuhusu uyoga wa Tanzania, unaolika na unaoua.

Hili la mwisho litawachanganya vegani: kwa nasaba, kuvu wako karibu zaidi na wanyama kuliko mimea. Hata hivyo wanaruhusiwa mezani. Tahadhari moja tu: usichume uyoga usioujua, kwa sababu mwingine wa sumu unafanana na mzuri kama pacha.

Mchikichi, Malaysia na hadithi ya kijiweni

Hadithi inayopendwa kuanzia Kigoma hadi Karema ni kwamba watu wa Malaysia walikuja hapa kuchukua mbegu za michikichi, wakatajirika, sisi tukabaki kutazama. Kumbukumbu zinasema vingine. Mashamba makubwa ya Asia ya Kusini Mashariki yanafuata ukoo wa miche 4 iliyopandwa mwaka 1848 katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java. Miche minne! Mmea wenyewe ni wa Afrika, hilo halina ubishi, ila safari yake ilianza zaidi ya miaka mia moja kabla ya uhuru wetu.

Kwa mlaji wa mimea habari kubwa ni rangi. Mawese mekundu, yale yasiyosafishwa kiwandani, yamejaa kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, tena kwa wingi kuliko karoti. Yakisafishwa hadi yakawa meupe kama maji, karibu vyote hivyo hupotea.

Kiazi kilichoshinda tuzo

Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa watu 4, na watatu kati yao, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, waliipata kwa kazi ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vile tunavyoviita viazi lishe. Kiazi kidogo cha gramu 125 kinatosha mahitaji ya vitamini A ya mtoto mdogo kwa siku nzima.

Katumba, ambako maharage ni heshima

Burundi ni moja ya nchi zinazoongoza duniani kwa ulaji wa maharage kwa kila mtu. Mwaka 1972 maelfu ya Warundi walikimbia mauaji na kuvuka kuja kwetu. Wengi walipewa ardhi Katumba, leo ndani ya Nsimbo, na baadaye Mishamo, iliyofunguliwa 1978. Walikuta pori, wakaligeuza kuwa mashamba ya muhogo, mahindi na maharage. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi haya na ya Ulyankulu walikabidhiwa uraia wa Tanzania, hatua ambayo ni nadra duniani kwa ukubwa wake. Maharage yaliyoungwa kwa mawese mekundu na kisamvu ni vyakula vya pande zote mbili za mpaka huo, na havikuhitaji hati yoyote kuvuka.

Kifungashio kisichohitaji friji

Wasukuma na Wanyamwezi, ambao ni wengi Katavi, walitatua zamani swali la chakula cha safari. Viazi vitamu vibichi vikikatwa vipande na kuanikwa juani huitwa michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, huitwa matobolwa. Kiazi kibichi ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake, kwa hiyo kilo 4 za shambani hubaki kilo moja na kidogo, na hukaa miezi bila kuoza. Matobolwa pamoja na karanga za kukaanga hutoa wanga, protini na mafuta, havimwagiki kwenye begi, havinuki ndani ya basi la Sumbawanga, na havidai kuchemshwa upya. Mwanafunzi, dereva wa bodaboda, karani wa halmashauri: wote wanatoshea hapo.

Wali nao hufungwa, lakini una siri. Kuna vimelea vyenye mbegu ngumu ambazo haziuawi na maji yanayochemka. Wali ukikaa vuguvugu kwa masaa, mbegu hizo huamka na kutoa sumu inayotapisha, na kupasha moto hakuiondoi. Ufunge ukiwa wa moto kabisa kwenye hotpoti nzuri na uule mchana huo huo. Kwa joto la Mpanda la mwezi Oktoba, hili si jambo la kubahatisha.

Oda isiyo na makosa

Kula nje ndiko kunakompima vegani. Mpanda inapokea dagaa na migebuka kutoka Ziwa Tanganyika, na mpishi mwenye roho nzuri haoni sababu ya kukunyima. Utaagiza wali maharage, naye kwa upendo atakumwagia mchuzi wa nyama juu, "usile kavu, mwanangu". Kwa hiyo oda iwe kamili tangu mwanzo: "Shikamoo mama. Naomba wali maharage na mboga za majani, usiniwekee mchuzi wa nyama, wala dagaa." Ukiulizwa sababu, sema umezoea hivyo, maelezo marefu yatapoza wali.

Vitafunwa vina wakweli na wadanganyifu. Kitumbua kinachopikwa kwa unga wa mchele, tui la nazi, sukari na hamira ni cha vegani bila kujua. Bagia za kunde au dengu, kachori za viazi, mihogo ya kukaanga na hindi la kuchoma nao hawana neno. Andazi ni la kuuliza, maana wengine hukandia maziwa au yai. Chapati vilevile: mafuta au samli? Chipsi kavu ni salama kwenye sahani, ila ukitazama karai unaweza kukuta samaki alitangulia kuogelea humo. Kila mtu aamue mwenyewe ukali wa sheria zake.

Nchi ambako mgahawa unakuelewa

Wakatoliki wa Katavi huacha nyama Ijumaa za Kwaresima, samaki wakaendelea kama kawaida. Waorthodoksi wa Ethiopia wamekwenda mbali zaidi: kwenye mfungo huacha nyama, mayai na maziwa, na siku hizo kwa muumini wa kawaida hupita 180 kwa mwaka. Jumatano na Ijumaa nyingi, mgahawa wa Addis Ababa utakuletea injera yenye dengu, kabichi, njegere na mboga za majani bila wewe kueleza chochote. Kwa hesabu hiyo, mamilioni ya watu jirani zetu hula kama vegani karibu nusu ya mwaka, na hawajiiti hivyo.

Chai inaiba madini

Chai ya rangi ikinywewa pamoja na maharage inaweza kupunguza kwa zaidi ya nusu madini ya chuma ambayo mwili ungeyachukua. Limau au kachumbari ya nyanya hufanya kinyume, huongeza. Kwa asiyekula nyama hii ni tofauti kubwa, na gharama yake ni sifuri: kunywa maji mezani, chai isubiri saa moja.

Chumvi yenye umri wa miaka 1,500

Ukiunga mboga magharibi mwa Tanzania, kumbuka Uvinza. Wachimbuaji wa mambo ya kale waligundua kwamba chemchemi zake za maji ya chumvi zimekuwa zikichemshwa kupata chumvi tangu karne ya 5 hivi. Vyungu vilikuwa kazini kabla ya kuwa na reli, ramani au mpaka wowote.

Mtihani mgumu kuliko nyama

Vegani hali asali. Sentensi hiyo ni nyepesi kuisoma London, lakini hebu isome Inyonga, wilayani Mlele, ambako mizinga inaning'inia kwenye miti ya miombo na asali ni chakula, dawa, pombe na ada. Nyuki mmoja, katika uhai wake wote wa kazi, hutengeneza takriban sehemu moja ya kumi na mbili ya kijiko cha chai. Wanaokataa asali wanasema hilo ni jasho la wengine. Wanaoitetea wanasema mwenye mizinga ndiye wa mwisho kukata mti, na misitu ya Mlele ni shahidi wao. Mimi niko upande wa mizinga, ingawa naheshimu hoja ya kwanza.

Gramu moja kwa miaka 1,100

Kuna kitu kimoja ambacho maharage, ulezi, kisamvu na karanga vyote kwa pamoja haviwezi kukupa: vitamini B12. Hutengenezwa na bakteria, na sisi huipata zaidi kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, kiasi kidogo hivi kwamba gramu moja ingemtosha kwa zaidi ya miaka 1,100. Ukiikosa, madhara hayaji kesho, kwa sababu ini huweka akiba ya miaka. Lakini yakija ni upungufu wa damu na mishipa ya fahamu iliyoharibika, ambayo haiponi kirahisi.

Kwa hiyo anayeacha kabisa vyakula vya wanyama anunue vidonge vya B12 duka la dawa, au atafute vyakula vilivyoongezewa. Tangu kanuni za mwaka 2011, viwanda vikubwa nchini vinatakiwa kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano na wa mahindi, B12 ikiwemo. Unga uliosagwa kwenye mashine ya mtaani hauna nyongeza hiyo, hata uwe mweupe namna gani. Ukienda dukani leo, geuza mfuko na usome mgongo wake kabla ya kulipa.